Mkaa wa Acholi ukiwaka Kampala, hewa ukaa yake inaandikwa wapi?

Ndugu aliyetangulia ametetea mkaa kwamba ni nishati jadidifu: mti ukikatwa huota mwingine, tena miongozo ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, huhesabu hewa ukaa ya kuni kuwa sifuri. Nampinga, na naanza na hiyo sifuri.

IPCC haisemi kwamba kuni hazitoi hewa ukaa. Inasema hewa ukaa hiyo isijumlishwe kwenye hesabu za nishati kwa kuwa inapaswa kuingizwa kwenye hesabu za ardhi, pale mti unapokatwa, ili isihesabiwe mara mbili. Sasa mshea, mti wa porini wenye mbegu za mafuta, uliokatwa kwa siri Amuru, wilaya ya Acholi kaskazini mwa Uganda, ukachomwa huko huko porini, magunia yakapakiwa lori la Kampala, nani aliuandika? Upande wa ardhi ukiwa mtupu, sifuri ya nishati inaficha deni. Na tanuri la udongo ni fujaji: mara nyingi kilo moja ya mkaa hula zaidi ya kilo tano za kuni, na methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, inayotoka humo haina sifuri katika hesabu yoyote.

Halafu, mti upi? Mkaratusi ukikatwa kisiki huchipua, ukavunwa tena baada ya miaka michache. Mwenye shamba lake Mubende, anayekata kwa kadiri linavyoota, sina ugomvi naye. Mshea huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa, na akina mama wa Acholi na Lango hula na kuuza mafuta yake. Huo kuuita jadidifu ni kuwadhulumu.

Amri ya Rais Museveni ya Mei 2023, iliyopiga marufuku biashara ya mkaa Kaskazini, naiunga mkono mpaka leo. Ila sigiri za Kampala zikiendelea kuwaka, shoka litahamia kwingine. Bwawa la Karuma, megawati 600, lilizinduliwa 2024; umeme tunao, lakini anayenunua mkaa kwa kopo hawezi kulipa jiko la umeme kwa mkupuo. Hapo ndipo serikali iweke fedha.

Wakati huo huo, kibali cha kusafirisha mkaa kitaje aina ya mti na shamba ulikotoka, na ofisa misitu wa wilaya akahesabu visiki kabla ya kutia sahihi. Lori lisilo na maelezo hayo lizuiwe. Mnaopinga, semeni mnakwama wapi.