Ujumbe wa komiti kwenye Git: tuufanye namna gani uaminike?

duka_kodi, Goma
Wandugu, naomba ushauri. Tuko 4 kwenye programu ya duka inayohesabu dola na faranga. Historia yetu ya Git (programu inayotunza kila badiliko la kodi kama komiti yenye ujumbe wake) imejaa «correction», «correction 2», «ça marche» (inafanya kazi). Tena jina la mwandishi kila mtu anajiandikia tu kwa `git config user.name`. Nani atajua ukweli?

seva_ya_ziwa, Bukavu
Anzeni na saini ya kidijitali kwenye kila komiti. Kuanzia Git 2.34, ufunguo wa SSH (ule wa kuingilia kwenye seva) unatosha:

`git config --global gpg.format ssh`
`git config --global user.signingkey ~/.ssh/id_ed25519.pub`
`git config --global commit.gpgsign true`

Kisha faili moja ya pamoja: kila mstari barua pepe ya mtu na ufunguo wake wa umma (ile sehemu ya `.pub`, ambayo wote wanaweza kuiona). Ielekezeni kwenye `gpg.ssh.allowedSignersFile`. Mkiona «No principal matched», ufunguo huo haumo kwenye faili. Na angalieni: kwenye `git commit`, `-S` inatia saini, `-s` inaongeza mstari wa maandishi tu, ambao yeyote anaweza kuuandika.

mkaguzi_lushi
Ni kweli, lakini saini inaonyesha nani, haionyeshi kama alichosema ni sawa. Ujumbe wenyewe ubebe njia ya kuupima:

```
chenji: kadiria faranga kwenye 100 iliyo karibu

1 270 FC ilichapwa hivyo hivyo, sanduku
halikulingana jioni. Sasa inatoka 1 300.

Jaribio: pytest tests/test_chenji.py
Inasahihisha: 3f9c1a27be04
```

Mstari mtupu kabla ya «Jaribio» ni wa lazima, bila huo `git interpret-trailers --parse`, amri inayosoma mistari hiyo ya mwisho, haioni kitu. Ukaguzi muuweke kwenye `pre-receive` ya seva, skripti inayopima komiti kabla hazijapokelewa. Skripti ya `commit-msg`, inayopima ujumbe kwenye kompyuta ya kila mtu, inarukwa kwa `--no-verify`, na `git clone` haiibebi. Seva ipime saini kwa `git verify-commit`, na namba ya komiti iliyotajwa kwenye «Inasahihisha» kwa `git cat-file -e`. Tajeni namba zilizokwisha kuingia tawi kuu (historia ya kodi ya wote) tu. Za tawi la kazi, la pembeni, zinapotea mkizikunja kuwa komiti moja.

duka_kodi
Aksanti sana. Zile komiti za zamani tuziandike upya ujumbe wake?

mkaguzi_lushi
Hapana, mukubwa. Namba ya komiti inahesabiwa pamoja na ujumbe wake. Ukigusa mmoja, namba zote zinazofuata zinabadilika na saini zake zinakufa. Ongeza maelezo pembeni kwa `git notes add`, halafu `git push origin refs/notes/commits`, maana hayasafiri yenyewe.