Wishiboni za mbele Corolla NZE121: bolti ya kushoto inagota kwenye giaboksi

Mzee_wa_Tuta
Wakuu, habari za wikiendi. Gari ni Corolla NZE121, otomatiki. Kwenye matuta linagonga mbele kushoto, na nikikanyaga breki linavuta upande huohuo. Nimechungulia chini, bushi (mpira wenye chuma ndani) ya nyuma ya wishiboni, yaani ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, imechanika hadi ufa unaonekana. Wishiboni mpya ninazo zote mbili, jeki na stendi mbili pia. Nataka nifanye mwenyewe hapa nyumbani. Je, ni lazima boljointi (kiungo cha duara mwishoni mwa wishiboni) itoke kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu)? Na hii bolti ya mbele ya kushoto, ukiifungua inarudi kidogo tu inagota kwenye giaboksi. Inatokaje?

Soketi19
Boljointi iache hapohapo kwenye nako. Kwenye gari hilo imefungwa kwenye wishiboni kwa bolti moja na nati mbili, za spana 17. Fungua hizo tatu, bonyeza wishiboni chini kwa mtaimbo, itaachana na boljointi. Ukianza kuigonga nako kwa nyundo ili boljointi itoke, utachana raba yake ya kuzuia vumbi, na mchanga ukishaingia humo boljointi haina maisha.

Ila ikague kabla ya kurudisha: shika kitako chake kilichoachana na wishiboni ukizungushe. Ikiwa inacheza ovyo au inakwaruza, badilisha sasa hivi, maana njia tayari iko wazi.

Tenganisha pia stabilaiza linki (vijiti vinavyoshika fimbo ya stabilaiza) zote mbili, kushoto na kulia. Ukiacha upande mmoja, stabilaiza itakuvutia wishiboni na matundu hayatalingana. Nati ya linki ikizunguka pamoja na shina lake, shika shina kwa alenki katikati huku unafungua kwa spana ya ringi. Na kama linki zenyewe zinalegea, huenda nusu ya huo mlio wa kugonga unatoka huko, si kwenye wishiboni.

Fundi_Gereji_Ndogo
Kulia ni kazi nyepesi, bolti zinatoka bila shida. Kushoto kwenye otomatiki ndiko kwenye kazi, kwa sababu ili bolti ya mbele ipate nafasi inabidi krosimemba (fremu ya chini inayobeba wishiboni) ishuke.

Kwanza piga alama ya rangi pale krosimemba inapokutana na bodi, ili irudi palepale. Nyoosha usukani, ufunge na ufunguo utoe. Usukani ukizunguka wakati shafti yake imeachanishwa na boksi la stelingi ili krosimemba ishuke, waya wa mzunguko wa airbagi unakatika. Kisha shikilia injini kwa juu kwa mnyororo na winchi, kwa kuwa boriti la katikati linalobeba injini limeungana na krosimemba. Chini weka jeki yenye ubao, legeza bolti za krosimemba, uishushe polepole ukitazama mipira ya breki na mabomba ya stelingi (kama yapo) yasivutike. Ishuke kiasi cha bolti kupita tu, basi.

Wapo wanaokata bolti kwa grainda. Ya zamani itatoka, sawa, lakini mpya utaiingizaje kutoka upande uleule? Utaishia kushusha krosimemba vilevile.

Kama huna winchi, fanya kulia nyumbani, kushoto peleka gereji. Chini ya injini inayoning'inia hapajaribiwi kitu.

Mzee_wa_Tuta
Nimewaelewa wakuu. Kwani siwezi kupiga bushi mpya tu kwenye wishiboni za zamani, hizi mpya nikazirudisha dukani?

Soketi19
Unaweza, ila utahitaji presi (mashine ya kukandamiza). Ukiingiza bushi kwa nyundo unaumiza raba na kupindisha mdomo wa tundu. Bushi ya nyuma pia ina upande wake. Kabla hujaitoa ya zamani chora mstari kwenye wishiboni kuonyesha inavyotazama. Ikikaa kwa pembe nyingine, raba inaanza kazi ikiwa imeshajikunja. Kama ulizonazo ni nzuri, funga hizo.

Raba_na_Chuma
Jambo ambalo wengi hawalifanyi: bolti za wishiboni usizikaze gari likiwa juu ya stendi. Raba ya bushi imeshikana na chuma chake cha ndani. Ukikaza matairi yakiwa yananing'inia, umeifunga raba kwenye hali hiyo. Gari likikaa chini raba inabaki imesokotwa muda wote, kisha inachanika mapema na watu wanalaumu duka la spea.

Zifunge kwa mkono tu kwanza. Boljointi kaza kabisa, haihusiki na hilo. Rudisha matairi, shusha gari juu ya vipande vya mbao imara ili upate nafasi ya spana, zuia magurudumu ya nyuma yasizunguke, bonyeza boneti mara kadhaa likae sawa, ndipo ukaze bolti za wishiboni kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi Nm 137. Nati za matairi ni Nm 103. Nati za kujifunga zilizotoka, weka mpya.

Halafu nenda alaimenti siku hiyohiyo. Kwenye gari hili toe (matairi kutazama ndani au nje) ndiyo inayorekebishwa, kwa tairodi (fimbo zinazogeuza matairi). Kemba (tairi kuinama kwa juu) haina skrubu yake. Vipimo vya kemba vya kushoto na kulia vikipishana sana baada ya krosimemba kushuka, waambie wairudishe kwenye zile alama za rangi kabla hawajagusa tairodi.