Makosa ya wanafunzi wenye lugha tatu: nitajuaje yametoka lugha ipi?

KiraiNomino

Habari za kazi wanajukwaa. Naandika tasnifu ya uzamili katika isimu tumizi. Nachunguza makosa ya upatanisho wa kisarufi kwenye insha za wanafunzi wanaojifunza Kiswahili huku tayari wana lugha nyingine mbili au tatu. Jedwali langu lina safu mbili: "athari ya lugha ya kwanza" na "mengineyo". Safu ya kwanza imefurika. Msimamizi kanirudishia sura nzima, na pembeni ya jedwali kaandika neno moja tu: "Umejuaje?"

Kuna kijana kaandika "kitabu yangu imepotea". Mwingine "mbwa yangu amepotea". Mwingine "viti ingine". Nitathibitishaje kuwa makosa haya yametoka lugha ya kwanza? Na hiyo lugha ya kwanza yenyewe ni ipi? Kwenye hojaji niliuliza "Lugha yako ya kwanza ni ipi?" nikaacha mstari mmoja wa kujaza. Wengi wamejaza lugha mbili. Mmoja kachora mishale miwili, huu "kwa mama", huu "kwa baba", halafu pembeni kaongeza: "ila nikihesabu natumia ile ya tatu".

Nibadilishe mada? Na tafadhali, asije mtu akaniambia "soma zaidi" akaishia hapo.

BiSahihisho

Mada iache ilivyo, mdogo wangu. Kinachokusumbua ni lile jedwali, na hujalibuni wewe. Limeanza mbali. Mwaka 1957 mwanaisimu Robert Lado alitoa kitabu kilichojenga hoja kwamba ukizilinganisha lugha mbili utabashiri mjifunzaji atakwama wapi: palipofanana patakuwa rahisi, palipotofautiana patamshinda. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, na hadi leo mwalimu akiona kosa mdomo unamtoka wenyewe: "lugha ya mama hiyo."

Ila mwaka 1967 mwanaisimu mwingine, Corder, aliandika kwamba makosa ya mjifunzaji yana mfumo wake, yanaonyesha sarufi anayoijenga kichwani kwa wakati huo, na yasichanganywe na kuteleza kwa ulimi au kalamu. Selinker akaja 1972 akaipa sarufi hiyo hadhi yake: si lugha ya kwanza, si lugha lengwa (ile anayojifunza), ina kanuni zake. Halafu Dulay na Burt, 1974, walichukua watoto wa Kihispania na watoto wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza, wakakuta mpangilio wa kuzimudu mofimu (vipande vidogo vya lugha vyenye maana) unakaribiana sana kwa makundi yote mawili. Kazi hiyo imekosolewa, tena kwa haki, lakini kuanzia hapo "lugha ya mama hiyo" haikutosha tena kuwa jibu.

Sasa tuje kwa mbwa wako, maana ndiye aliyenifurahisha. "Mbwa yangu amepotea." Tazama kitenzi: a-me-potea. Kijana huyu anajua mbwa ni kiumbe hai na kitenzi chake kinachukua a-. Kakosea kwenye kimilikishi peke yake. Sasa jiulize, Kiswahili fasaha kinasemaje kuhusu rafiki? "Rafiki yangu amepotea." Ndugu je? "Ndugu yangu amepotea." Dada yangu, baba yangu, shangazi yangu, wote -angu inachukua y- na kitenzi kinachukua a-. Mwanafunzi wako kachukua kanuni halali ya Kiswahili akaipeleka hatua moja mbele ya mahali inapokoma. Hilo utaliwekaje kwenye safu ya athari ya lugha ya kwanza? Limezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe, na mimi ningempa alama ya akili hata nikimkata ya sarufi.

"Kitabu yangu imepotea" ni habari nyingine. Hapo kimilikishi na kitenzi vyote vimeiacha KI-VI. Kabla hujataja lugha ya nyumbani, uliza anasikia Kiswahili gani nje ya darasa. Kama wenzake wote wanasema "kitabu yangu", basi hajakosea kujifunza. Kajifunza vizuri kabisa, ila ni Kiswahili kingine tofauti na cha kitabu chako cha sarufi.

NgeliYaKwanza

Samahani Bi Sahihisho, naheshimu uzoefu wako, lakini huku ni kutafutia makosa visingizio. "Kitabu yangu" ni kosa. Mtihani hauulizi kosa lilizaliwa wapi.

BiSahihisho

Mtihani hauulizi, kweli kabisa, na mimi kwenye mtihani nalikata bila huruma. Lakini huyu binti haandiki mtihani, anaandika tasnifu. Msimamizi kamuuliza "umejuaje", hakumuuliza "umekata ngapi".

Mofimu_Huru

KiraiNomino, mtu unayemtafuta anaitwa Scott Jarvis, makala ya mwaka 2000. Alichoka na watafiti wanaodai athari ya lugha ya kwanza kwa kutazama tu, akasema tukubaliane ushahidi ni nini. Akataja aina tatu. Kwanza, wenye lugha moja ya nyumbani wafanye jambo hilo kwa namna inayofanana. Pili, wenye lugha tofauti za nyumbani watofautiane, wakiwa wamefika kiwango kimoja cha lugha lengwa. Tatu, ukimpima mtu yuleyule kwa lugha yake ya nyumbani, aonyeshe mwenendo uleule.

Data yake ilitoka Ufini, na hapo kuna ujanja wa kuigwa. Nchi hiyo ina wanaokulia Kifini na wanaokulia Kiswidi, wote wamo kwenye mfumo mmoja wa elimu, wote wanajifunza Kiingereza. Kwa hiyo ukiona tofauti kwenye Kiingereza chao, huwezi kusingizia nchi tofauti au mitaala tofauti. Håkan Ringbom alishautumia mwanya huohuo mapema, kitabu chake ni cha 1987. Mfano unaojulikana sana ni vibainishi vya Kiingereza vinavyotangulia nomino, yaani "a" na "the": Kifini hakina kitu cha namna hiyo, Kiswidi kinavyo, na wa Kifini ndio huviacha zaidi.

Swali kwako: wanafunzi wako wote wana lugha za nyumbani zenye ngeli?

KiraiNomino

Asanteni sana jamani. Hapana, si wote. Wapo wa lugha za Kibantu zenye ngeli zake kamili, na wapo wa lugha zisizo na ngeli kabisa. Nimerudi kwenye insha sasa hivi, nimepitia kundi moja moja. "Kitabu yangu" na jamaa zake wamo pande zote mbili.

Mofimu_Huru

Basi hapo una kitu kikubwa kuliko jedwali la kwanza. Mwenye lugha ya Kibantu yenye upatanisho wa KI-VI, lugha yake ingemsogeza kwenye "changu", isingemwondoa huko. Akiandika "yangu" sawasawa na mwenzake asiye na ngeli, dai la athari ya lugha ya kwanza limeanguka kwenye ushahidi wa pili wa Jarvis. Linganisha viwango vyao vya Kiswahili kwanza, maana wanaoanza na waliobobea wakichanganywa huoni lolote.

tatu_bila_nne

Mmesema lugha ya kwanza, lugha ya kwanza, na aliyechora mishale mmemsahau. Mimi ndiye niliyempenda zaidi.

Ukiwa na lugha tatu, inayojipenyeza kwenye mpya si lazima iwe ya nyumbani. Williams na Hammarberg walionyesha hilo mwaka 1998, na mjifunzaji alikuwa mtafiti mwenyewe: Sarah Williams, mzungumzaji wa Kiingereza aliyekuwa amebobea Kijerumani, akijifunza Kiswidi huku mazungumzo yake yakirekodiwa tangu mwanzo. Akitaka kuuliza neno au kutoa maelezo pembeni, alihamia Kiingereza. Lakini alipolazimika kuunda neno la Kiswidi asilolijua, malighafi ilitoka Kijerumani zaidi, tena bila yeye kukusudia. Lugha mbili, kazi mbili tofauti, kichwa kimoja. Safu yako ya "lugha ya kwanza" ingemweka wapi?

Kuhusu hojaji, ule mstari mmoja ufute. Grosjean, mtafiti wa watu wenye lugha mbili, aliandika mwaka 1989 kwamba mwenye lugha mbili si watu wawili wa lugha mojamoja waliowekwa ndani ya mtu mmoja. Kila lugha ina shughuli zake na watu wake. Uliza kwa shughuli: unaongea na nani kwa ipi, unasoma kwa ipi, unahesabu kwa ipi, ipi ulianza kuisikia, ipi unaisikia zaidi siku hizi. Ipo hojaji iliyochapishwa 2007 na Marian na wenzake inayotenganisha mpangilio wa kujifunza na mpangilio wa umahiri, na inataka asilimia ya muda ambao mtu anakutana na kila lugha. Usiibebe kama ilivyo, ongeza swali la aina ya Kiswahili wanachosikia, maana Bi Sahihisho kasema kweli: pengine kosa linatoka hukohuko.

KiraiNomino

Nimeelewa. Naona nitarudi kwao na hojaji mpya, na nitawaomba wachache wanisimulie kisa kimoja kwa mdomo, kwa Kiswahili na kwa lugha zao nyingine, nipate ule ushahidi wa tatu. Ila yale yasiyoangukia popote? "Viti ingine" silioni asili yake hata nikilikodolea macho.

BiSahihisho

Weka safu ya "chanzo hakijabainika", uliweke humo, na uandike aya moja kueleza kwa nini. Hilo lingeweza kuwa kiambishi kilichodondoshwa, au namna ya mtaani, au -ingine iliyoganda kichwani kama neno zima. Msimamizi aliyeuliza "umejuaje" ataisoma hiyo safu kwanza. Na yule wa mishale mtafute umsaili ana kwa ana, usimpe karatasi tena.