"Umesimulia, hujatafakari": shajara ya masomo mnaiandikaje?

Raba_Imeisha:
Wakuu, habari za saa hizi. Nina miaka 43, nimerudi darasani baada ya miaka 22, nasomea astashahada ya uhasibu jioni nikitoka kazini. Masomo yenyewe nayakokota tu, yanaenda. Kinachonitoa jasho ni kile nilichodhani kitakuwa cha kupumzikia: shajara ya tafakuri. Kila wiki ukurasa mmoja kuhusu ulivyojifunza, na ina alama 20 kati ya 100.

Wiki ya tatu sasa narudishiwa maneno yaleyale kwa kalamu nyekundu: "Umesimulia, hujatafakari." Nikimuuliza anayesahihisha ananiambia niingie ndani zaidi. Ndani wapi? Nabandika ya wiki hii, msinionee huruma:

"Jumanne tulirudia namba hasi. Mkufunzi alitoa swali 7 − (−3). Nilipata 4, jibu sahihi ni 10. Nilifuta nikaandika 10. Nimejifunza kwamba hasi mbili zikikutana huwa chanya. Pia nimejifunza umuhimu wa kuwa makini. Somo lilikuwa zuri na nitaongeza bidii."

Kosa liko wapi hapo? Anayesahihisha ni kijana, ningekuwa na mdogo wa mwisho angekuwa rika lake, na sitaki kumfuata mara ya nne.

Bundi_wa_Jioni:
Pole dada, nami nilikwama hapohapo mwaka jana. Anza kwa kuitupa "nitaongeza bidii". Niliwahi kuhesabu kwenye daftari langu, nimeiandika mara 11. Ni kama "wasalaam" mwisho wa barua, hakuna anayeisoma akapata habari.

Sisi tulipewa mwongozo wa kutafakari uitwao mzunguko wa Gibbs, wa mwaka 1988, una hatua sita: tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango wa hatua. Mwanzoni unasaidia kwa sababu unajua pa kuanzia. Ila ukishauzoea unaujaza kama fomu, hatua sita sentensi sita, unafunga daftari. Nikahamia maswali matatu ya mwalimu Mmarekani, Terry Borton, ya 1970: Nini kimetokea? Kina maana gani? Sasa nifanyeje? Wewe umejibu la kwanza, ukaruka la katikati, ukatua kwenye la mwisho. Na la katikati ndilo lenye kazi.

Chaki_Nyeupe:
Nimestaafu ukufunzi, nimezisahihisha shajara hizi hadi macho yakachoka. Nimtetee mwenzangu: kweli umesimulia. Nimlaumu pia: mtu akirudishiwa maneno yaleyale mara tatu, aliyeshindwa kueleza si mwanafunzi.

Sasa sikiliza dada yangu. "Nilifuta nikaandika 10." Shajara yako yote iko kwenye maneno hayo matatu na wewe umeyapita mbio. Ulifuta lini, mkufunzi akiwa mbali au akiwa anakuja? Kwa nini ulifuta, usikate kwa mstari ukaandika pembeni?

La pili. "Hasi mbili zikikutana huwa chanya" umeikariri tu. Jaribu (−2) + (−5). Hasi mbili zimekutana hapo, na jibu ni −7. Kwa hiyo kilichokufikisha kwenye 10 si ulichokiandika. Na ile 4 haikuanguka kutoka mbinguni, kuna njia uliyopita. Iandike hiyo njia. Kosa huwa na akili yake.

Mwaka 1983 msomi Mmarekani, Donald Schön, alitenganisha kutafakari ukiwa katikati ya kazi na kutafakari kazi ikishapita. Unachoandika usiku ni cha pili. Cha kwanza unaweza kukidaka kwa alama ndogo pembeni ya daftari pale pale unapokwama. Mimi niliwaambia wangu waweke nukta. Nukta tu, bila maelezo.

Na jambo moja ambalo hamtaambiwa: shajara yenye alama si shajara ya siri. Ya nyumbani kwako yaandikie daftari jingine.

Msema_Ovyo:
Mnampotezea mama wa watu muda. Amefuata cheti, anaulizwa alijisikiaje alipokosa hesabu. Kuna anayejisikia vizuri? Mimi niliandika machozi ya uongo nikapata 18.

Chaki_Nyeupe:
@Msema_Ovyo huenda ni mimi niliyekupa hizo 18. Machozi yaliyoandikwa vizuri ni vigumu kuyanyima alama. Ndiyo maana nikaacha kuuliza hisia peke yake, nikawa nataka nione na kosa lenyewe.

Raba_Imeisha:
Nimerudi. Mwalimu Chaki, hayo maswali yako yaliniudhi, nikazima simu. Baadaye nikalifungua daftari la hesabu. Pale nilipofuta pametoboka, tundu linaonesha ukurasa wa nyuma. Nimeandika upya:

"Nilipata 4 kwa sababu niliona 7, nikaona 3, nikaona alama ya kutoa. Mabano sikuyaona kabisa. Shuleni nilizoea kwamba mabano ni ya wanaojua, nikawa nayaruka. Mkufunzi alipoanza kupita kwenye madawati nilichungulia kwa jirani, nikafuta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, nikaandika 10 pembeni ya tundu. Aliweka alama ya vema akapita. Sikuwa nimeelewa kitu.

Nimeelewa leo kwa madeni, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nina 10 mfukoni na nadaiwa 3, kwa hiyo mali yangu halisi ni 7. Nikisamehewa lile deni, nimeondolewa hasi 3, nabaki na 10. Kutoa hasi ni kufutiwa deni. Jambo hili nalifanya kazini miaka yote na sikujua kwamba ndilo lile la ubaoni.

Kilichonisumbua zaidi ni ile vema. Nilifurahi kuipata. Mtu wa miaka 43, amelipa ada kwa jasho lake, anafurahia kumdanganya anayemlipa amfundishe. Wiki ijayo sibebi raba, nitatumia kalamu ya wino. Nikikosa nakata mstari mmoja, na akipita namwonesha nilipokata."

Nimeipeleka jana, bado haijarudi. Hapo kwenye kumdanganya niliandika nikafuta mara mbili (kwa raba hiyohiyo, ndiyo). Mnaona nimezidisha?

Chaki_Nyeupe:
Hujazidisha. Ila "mtu wa miaka 43" ungeweza kuiacha. Hata wa miaka 19 wanachungulia kwa jirani.

Raba_Imeisha:
Haya mwalimu, nimekusikia. Bundi, na wewe unaandika saa ngapi? Mimi saa nne usiku tayari nimelala na miwani usoni.

Bundi_wa_Jioni:
Dakika kumi za mwisho darasani, wenzangu wakikusanya mabegi. Nikisubiri nifike nyumbani, kinachobaki kichwani ni "somo lilikuwa zuri".