Ripoti ya neva inasema "ugonjwa wa neva wa kisukari", lakini namba hazikai sawa. Naomba msaada kuisoma

Tabibu_wa_Nyanda

Wakuu wa neva na fiziotherapia, habari za kazi. Nina ripoti imerudi kutoka rufaa na nashindwa kuiafiki.

Mgonjwa ni mama wa miaka 46, fundi cherehani, ana kisukari mwaka wa nne. Kwa miezi mitano sasa ana ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Usiku humwamsha, hukung'uta mkono ndipo apate nafuu. Nguvu ipo, mnofu wa chini ya kidole gumba haujapungua. Miguuni halalamiki, na uzi wa gramu 10 wa kupima hisia anauhisi nyayo zote mbili.

Alipimwa jinsi umeme unavyosafiri kwenye neva, asubuhi na mapema, Julai, huku Nyanda za Juu Kusini. Mediani ni neva ya gumba na vidole vinavyofuata, alna ni ya upande wa kidole kidogo. Ripoti inasema:

Hisia, umbali sm 14, muda hadi kilele cha wimbi (kikomo chao ni milisekunde 3.6): mediani kulia 4.3, alna kulia 3.8, mediani kushoto 3.9, alna kushoto 3.8.
Ukubwa wa mawimbi ya hisia: mediani kulia mikrovolti 58, alna kulia 62.
Mwendo, mediani kulia: muda wa kufika kwenye msuli 4.6 (kikomo 4.4). Kasi kwenye kigasha: mediani 47, alna 46 mita kwa sekunde.
Neva ya surali mguuni: kasi 38, ukubwa mikrovolti 19.
Sindano ya kupima umeme wa misuli haikuchomwa. Joto la ngozi halikuandikwa.

Hitimisho lao: "Ugonjwa wa neva nyingi wa kiwango kidogo, unaoendana na kisukari." Je, ni kweli? Na kile kifundo cha mkono kinachomsumbua usiku (nilishuku mediani inabanwa hapo) kimepotelea wapi?

---

Neva_na_Misuli

Tabibu, umeona vizuri. Tazama namba mbili kwa pamoja: kasi imeshuka kila mahali, lakini mawimbi ni makubwa. Kisukari kikishaharibu neva, nyuzi za neva hufa, na wimbi husinyaa. Mama wa miaka 46 mwenye neva zinazougua hakutegemewi kutoa mikrovolti 58 na 62, wala 19 mguuni. Kasi ndogo pamoja na wimbi kubwa ni alama ya mkono wa baridi.

Sababu yake ni hii: kwenye baridi, milango ya sodiamu kwenye utando wa neva hukawia kufunguka, na ikishafunguka hukawia zaidi kufunga. Ishara inakwenda polepole, lakini kila wimbi linakuwa pana na refu. Kwa makadirio, kila nyuzi moja ya joto inayopungua huondoa mita 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde kwenye kasi, na huongeza kama milisekunde 0.2 kwenye muda wa kufika. Mkono ukiwa na joto la nyuzi 28 badala ya 32, tayari ishara imechelewa milisekunde 0.8. Ondoa 0.8 kwenye alna yake ya 3.8 inabaki 3.0, ambayo ni salama kabisa. Kasi ya 46 inapanda hadi karibu 54. Ugonjwa wa neva nyingi unayeyuka wote.

Hesabu hiyo itumie kupata shaka, si kuandika majibu. Fomula ya kusahihisha joto haiaminiki, hasa kwa neva inayougua kweli. Dawa ni kupasha mkono moto na kupima upya. Joto lipimwe kwenye mgongo wa kiganja na lisiwe chini ya nyuzi 32. Mguuni, karibu na kifundo, lisiwe chini ya 30. Namba hiyo iandikwe kwenye ripoti. Ripoti isiyo na joto la ngozi, hasa ya Njombe au Mbeya mwezi wa saba, irudishwe kuulizwa.

---

Fundi_Maabara_EMG

Nyongeza kuhusu kupasha moto, maana hapa ndipo wengi hukosea. Si lazima kuwa na taa maalumu. Valisha mkono mfuko wa plastiki, uzamishe hadi katikati ya kigasha kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika 10. Mfuko ni wa kuzuia ngozi isilowe, kwa sababu ngozi iliyolowa husambaza umeme juu juu na elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme) hazishiki. Maji yapimwe kwa kipimajoto, yasizidi nyuzi 40. Huyu ana ganzi na ana kisukari, kwa hiyo usimwambie "ukiona yanaunguza sema".

Ukishautoa mkono usikimbilie kupima. Ngozi hupata moto haraka kuliko neva iliyo ndani, kwa hiyo kipimajoto kinaweza kusoma 33 wakati neva bado imepoa. Funika kwa taulo dakika chache, pima joto tena, ndipo uanze. Na upime tena katikati ya kazi, mkono hupoa upesi kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Siku ya kipimo mgonjwa aje hajapaka mafuta wala losheni. Mafuta ya nazi au ya mgando huzuia umeme kuingia, mpimaji anaongeza miliampia bila faida, mgonjwa anaumia na wimbi linatoka dogo kuliko lilivyo. Ongeza kichocheo mpaka wimbi liache kukua, kisha ongeza asilimia 20 juu yake. Ukiishia chini ya hapo utaandika kwamba nyuzi zimekufa kumbe hukuziamsha zote. Ukizidisha sana, umeme wa kifundo cha mkono unarukia alna na unapima neva mbili ukidhani ni moja. Ethi (elektrodi ya ardhi) ikae kati ya mahali pa kuchochea na mahali pa kurekodia.

Na futi ya kupimia umbali! Kosa la sentimita moja kwenye sm 14 ni milisekunde 0.2 nzima. Pima mkono ukiwa umenyooka, weka alama ya kalamu kwanza, ndipo uguse kichocheo.

---

Dkt_Mwambao

Sasa swali la pili la Tabibu, kifundo cha mkono kimepotelea wapi. Hakijapotea, kimefunikwa na baridi. Mkono wa kulia mediani imechelewa kuliko alna kwa 0.5. Kushoto tofauti ni 0.1 tu. Neva zote mbili zilikuwa kwenye mkono uleule wenye baridi ileile, kwa hiyo tofauti kati yao ina maana kuliko namba moja moja.

Ila ripoti imelinganisha vidole viwili tofauti. Kwa mgonjwa kama huyu omba ulinganisho wa aina tatu. Wa kwanza ni kidole cha pete, ambacho hupata hisia kutoka neva zote mbili: elektrodi za pete zivalishwe hapo na zisiguswe tena, chochea mediani kwa sm 14, kisha alna kwa sm 14. Kinachobadilika ni mahali pa kuchochea tu. Wa pili ni kidole gumba, mediani dhidi ya radiali (neva ya upande wa mgongo wa mkono), sm 10 kila upande. Hapa angalia, umeme wa radiali ukizidi huiamsha mediani pia na utaona kinundu cha pili kwenye wimbi. Wa tatu ni kiganja: chochea kiganjani, rekodi kwenye kifundo, sm 8, mediani dhidi ya alna.

Peke yake, tofauti inayozidi milisekunde 0.4 kwenye pete, 0.5 kwenye gumba au 0.3 kiganjani huhesabiwa si ya kawaida. Lakini namba iliyo mpakani hudanganya. Jumlisha zote tatu: jumla ikifika milisekunde 1.0, neva ya mediani inabanwa kwenye kifundo. Njia hii inafaa sana kwa wenye kisukari, kwa sababu kama neva zote zimepungua kasi kidogo, zimepungua kwa pamoja, na jirani ndiye shahidi.

Wakati mnasubiri kipimo, msimwache hivi hivi. Afungwe kifundo kwa splinti kikiwa kimenyooka, avae usiku kwa wiki 6. Kama atachomwa steroidi kifundoni, aonywe kwamba sukari itapanda kwa siku kadhaa.

---

Tabibu_wa_Nyanda

Asanteni sana, namba zimeanza kukaa. Mawili yamebaki. Je, safari hii niombe na sindano? Na kama miguu ingekuwa inawaka moto, hiyo surali ya kawaida ingenitosha kusema hana tatizo?

---

Neva_na_Misuli

Sindano kwa huyu si lazima, kwa kuwa nguvu ipo na mnofu haujapungua. Ingehitajika kama kungekuwa na udhaifu, mnofu kunywea, au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni. Mzizi wa neva wa C6 au C7 ukibanwa shingoni nao huleta ganzi kwenye gumba na vidole viwili vinavyofuata, na hapo mawimbi ya hisia hubaki mazuri kabisa, kwa sababu kiini cha neva ya hisia kiko nje ya mahali palipobanwa. Mwenye ganzi dhahiri na wimbi zima la hisia, fikiria shingo. Ndipo sindano iingie kwenye trisepsi, msuli unaogeuza kiganja kitazame chini, na misuli ya kando ya uti wa shingo.

Muda nao ni muhimu. Neva ikiumia leo, sindano ya kesho inaweza isionyeshe mengi. Mitetemo ya msuli uliokosa neva huchukua wiki mbili hadi tatu kutokea. Aliyepooza mguu Jumatatu akapimwa Ijumaa anaweza kuambiwa misuli ni mizima, na ripoti hiyo itamfuata miaka. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) apimwe INR, kipimo cha kuganda kwa damu, kwanza, na mpimaji aambiwe. Mwenye kifaa cha moyo pia asemwe kwenye fomu.

Kuhusu miguu inayowaka: hapana, isingetosha. Kipimo hiki kinasoma nyuzi nene zinazokwenda kasi. Nyuzi nyembamba za maumivu na joto hazisomeki, na mara nyingi ndizo kisukari huanza nazo. Mtu anaweza kulia usiku kwa nyayo kuwaka na surali yake ikawa safi. Mpime kwa ncha ya pini na kitu cha baridi, na uliza kama amewahi kutumia isoniazidi ya TB bila vitamini B6, au stavudini enzi zile ilipokuwa kwenye dawa za VVU.

Kwenye fomu ya rufaa andika hivi: "Ganzi vidole vitatu vya kulia, huzidi usiku, miezi 5. Kisukari. Kipimo cha kwanza hakikuwa na joto la ngozi. Naomba mkono upashwe moto hadi nyuzi 32 au zaidi, ulinganisho wa mediani na alna kidole cha pete, mediani na radiali kidole gumba, na kiganja, mikono yote miwili." Apewe nafasi ya mchana, si ile ya asubuhi.