Seva ya ghala Kibaigwa: nibakize programu zipi?

Mpima Mahindi:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa seva ya kutunza rekodi za mizani kwenye ghala la mahindi Kibaigwa. Mashine ya zamani, RAM GB 2, intaneti ni bando la simu, na mimi naishi Dodoma mjini. Nasakinisha Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), na nimefika pale inapouliza nichague programu. Nataka iwe nyepesi kabisa. Nitoe tiki zote?

Fundi Nkuhungu:
Usitoe zote mkuu. GNOME na wenzake (mazingira ya madirisha na picha) toa, kwa RAM hiyo hakuna mjadala. Seva ya SSH, ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, ibaki, la sivyo kila kidogo utapanda basi la Morogoro.

Zile zana za kawaida za mfumo nazo ziache. Wengi huzitoa kuokoa nafasi, lakini humo ndimo zimo man-db (kurasa za man, yaani maelezo ya amri), lsof (kuona faili zilizofunguliwa) na wget (kupakua faili). Siku bando limekata uko ghalani peke yako, kurasa za man ndizo mwalimu wako. Mimi wepesi wa seva naupima kwa huduma zinazokula RAM muda wote. Faili zilizolala kwenye diski hazinisumbui.

Ikishawaka, ongeza unattended-upgrades kwa marekebisho ya usalama, na tmux ili mtandao ukikatika kazi iendelee. Tumia `apt install --no-install-recommends` ili usiletewe vifurushi vya kupendekezwa tu, vinginevyo kifurushi kimoja kinakuja na ukoo mzima.

Na saa, tafadhali! Umeme ukikatika na betri ya ubao mama imechoka, mashine inaamka na tarehe ya nyuma. Rekodi za mizani zinavurugika, na HTTPS inakataa kwa kuwa cheti kinaonekana muda wake haujaanza. Hakikisha systemd-timesyncd, inayorekebisha saa kupitia mtandao, inafanya kazi, `timedatectl` itakuonyesha.

Kijana wa Kondoa:
Naongezea: usihangaike kutafuta /var/log/syslog, faili la kumbukumbu za matukio ya mfumo. Debian 12 haiweki tena yenyewe rsyslog, programu inayoliandika; kumbukumbu hizo zisome kwa `journalctl`. Diski ikiwa ndogo, wekea kumbukumbu hizo kikomo cha ukubwa, SystemMaxUse, kwenye journald.conf.

Mpima Mahindi:
Asanteni sana. Nimebakiza hizo mbili, imewaka. Ila sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, haipo!

Fundi Nkuhungu:
Uliweka nywila ya root (msimamizi mkuu) wakati wa kusakinisha. Ungeiacha tupu, sudo ingewekwa na mtumiaji wa kwanza angepewa ruhusa. Usianze upya: ingia kwa `su -`, kisha `apt install sudo`, halafu `adduser jina-lako sudo`. Toka, uingie tena.