Naomba ushauri: kumpeleka mama mkwe na watoto kwenye gulio la Kitano Tenmangu, Kyoto

MamaWawili_Osaka:
Wanajukwaa, habari za huko mliko.

Mama mkwe wangu amekuja kutoka Tanga kututembelea hapa Osaka, atarudi mapema Desemba. Maisha yake yote ni cherehani na vitambaa. Nilimwonyesha picha za kimono za mitumba zinazouzwa kwenye gulio la hekalu la Kitano Tenmangu, na tangu hapo kila akimaliza kuswali Alfajiri ananiuliza tunakwenda lini. Gulio ni tarehe 25 ya kila mwezi, kwa hiyo Novemba 25 ndiyo nafasi yetu.

Wasiwasi wangu ni huu. Sisi ni Waislamu na pale ni hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani. Mama hapendi aonekane anashiriki ibada isiyo yake, wala hapendi kuwavunjia heshima wenyewe. Tena magoti yanamsumbua. Mtoto mdogo ni wa kwenye kigari, na mkubwa ana miaka minane, hawezi kuona kitu asikishike. Mume wangu atakuwa kazini, kwa hiyo nitakuwa nao peke yangu. Waliowahi kwenda, naomba mnisaidie: tufike saa ngapi, tule nini, na bei inapatanwa?

Mkaazi_Kyoto:
Dada, mfikishie mama shikamoo yangu.

Kwa ibada ondoa hofu. Vibanda vya kimono na vitu vya kale vimejipanga zaidi Onmae-dori, barabara inayopita ubavuni mwa hekalu upande wa mashariki. Mnaweza kumaliza asubuhi nzima pale bila kulikaribia jengo la ibada. Mkitaka kuingia kutazama, piteni pembeni ya lango, msipite katikati, na msisimame mbele ya wanaoomba. Kuinama, kupiga makofi na kutupa sarafu ni kwa anayeabudu. Hakuna atakayewauliza kwa nini hamfanyi.

Huyo mkubwa mpe hadithi ya mahali penyewe, atatulia. Hekalu lilianzishwa mwaka 947 kwa ajili ya Sugawara no Michizane, msomi na mshairi aliyefitiniwa kwa mfalme, akapelekwa uhamishoni Dazaifu mwaka 901 na kufia huko 903. Inasemwa alizaliwa tarehe 25 na kufa tarehe 25, ndiyo maana gulio likashika siku hiyo. Atawaona ng'ombe wa mawe na shaba waliolala uani. Wanafunzi huja kuwapapasa kabla ya mitihani.

Fikeni saa moja au saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne kigari hakipiti. Wauzaji wa vitu vya kale huanza kufungasha alasiri, ingawa vibanda vya chakula huendelea hadi usiku. Kama mdogo anabebeka, acheni kigari mumfunge kanga mgongoni, maana kuna kokoto na ngazi. Kutoka stesheni ya Kyoto pandeni treni ya Sagano mshuke Emmachi, kisha teksi kwa ajili ya magoti ya mama. Basi siku hiyo hujaa sana.

Pwani_Nagoya:
Kwa nini msiende Toji? Gulio lake ni tarehe 21, uwanja ni tambarare, na kutoka stesheni ya Kyoto ni mwendo wa miguu.

Mkaazi_Kyoto:
Toji ni pazuri, na kama tarehe 21 inawafaa nendeni. Ila jueni kwamba lile ni hekalu la Kibuddha, kwa hiyo swali la mama linabaki palepale.

FundiCherehani:
Mimi nimshauri mama kifundi. Kimono hushonwa kwa vipande vilivyonyooka kutoka jora moja jembamba, upana wake kama sentimita 36. Ukiifumua unapata vipande virefu visivyo na mikato ya ajabu, ila kwa gauni lazima uunge. Achague akiwa amepanga kabisa maungio yatakaa wapi. Aitazame juani, hasa kwapani na kwenye kola, ndiko madoa na uchakavu hujificha. Kwenye marundo ya chini utapata kwa yeni 500 au 1,000 moja. Hariri nzuri iliyotundikwa ni habari nyingine.

Akiijaribu, upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia. Kinyume chake ni namna ya kumvisha maiti, na wazee wa pale watashtuka kwa niaba yake.

Abu_Kobe:
Chakula: yakisoba, yaani tambi za kukaanga, mara nyingi ina nguruwe, na kuku wa kukaanga aitwaye karaage aghalabu hulowekwa kwenye sake, pombe ya mchele. Salama zaidi ni viazi vitamu vya kuchoma, au taiyaki, ile mikate ya umbo la samaki yenye maharage matamu ndani. Mama wa Tanga aliyekulia maharage ya nazi na sukari hataona ugeni. Hata hivyo bebeni chapati zenu. Na bebeni mfuko wa taka, mapipa ni machache.

Mizigo_na_Forodha:
Jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mtaona vitana na pini za nywele za ng'amba, na vinyago vidogo vya pembe za ndovu. Vinauzwa waziwazi, vingine kwa bei ndogo. Msinunue. Ng'amba na ndovu wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kukivusha kitu kama hicho mpakani bila vibali ni kosa, hata kiwe cha zamani kiasi gani. Mama asije akakamatwa uwanja wa ndege kwa zawadi ya shanuo.

MamaWawili_Osaka:
Nawashukuru mno. Nimemsomea mama yote, na ameshaanza kuchora mishono. Limebaki suala la bei.

FundiCherehani:
Inapatanwa, lakini si kwa mvutano wa kwetu. Kusanyeni vitu vitatu vinne kwa muuzaji mmoja, kisha uliza kwa upole: "Mo sukoshi yasuku narimasu ka?" yaani, bei inaweza kupungua kidogo? Akikataa, lipa au rudisha ukishukuru. Nendeni na noti za yeni elfu moja nyingi. Na mvua ikiwa kubwa siku hiyo, wenye vitambaa wengi hawatandazi, kwa hiyo tazameni hali ya hewa usiku wa kuamkia safari.